Mwenye Kadi na Mgeni Mmoja

Jumamosi, 22 Agosti

Baba ametangaza mezani kwamba kadi yake ya dhahabu inakufa mwisho wa mwezi. Alisema hivyohivyo, "inakufa," huku anapaka siagi kwenye mkate. Hakuna aliyelia ila mimi, tena kwa ndani, maana Kaka alikuwa ananitazama.

Maelezo kwa watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu maarufu (au marehemu). Baba ni fundi wa mashine za eksirei. Miaka kumi na minne amerushwa huku na huko kila mashine ya hospitali fulani ilipogoma kuona mifupa. Aliruka mpaka shirika la ndege likampa kadi ya dhahabu ya wasafiri wa mara kwa mara. Mwenye kadi hiyo haketi nasi kwenye viti vya chuma. Anaingia launji, chumba cha kusubiria chenye makochi na vinywaji vya bure. Sasa Baba amepata kazi ya kufundisha chuo cha ufundi. Hataruka tena. Kadi haitajazwa upya.

Jumamosi ijayo tunasafiri wote watano, kwa pointi zake za mwisho za kusafiri bure, kwenda harusi ya Shangazi. (Ni harusi yake ya tatu. Bibi, aliyemzaa, anasema mbili za kwanza zilikuwa mazoezi.) Pointi zinatosha kwenda tu; tunarudi Jumatano, tarehe mbili, kwa shirika jingine. Hata hivyo kadi itakuwa na siku mbili kaburini. Kwa hiyo nafasi ni moja katika maisha yetu yote.

Shida: kadi inaruhusu mwenye kadi na mgeni mmoja. Mmoja! Nasi wageni ni wanne. Kaka akasema papo hapo kwamba kifungua mimba ndiye mrithi, na kwamba mimi, Profesa, ninavyo vitabu vyangu vya kunikumbatia. Nikatafuta jibu la kumziba mdomo. Nililipata saa mbili baadaye nikiwa naosha sufuria. Alikuwa ameshatoka.

Baba alitabasamu tu, akasema mambo yatajipa. Masikini. Mtu mwaminifu kupita kiasi. Lazima asaidiwe.

Jumapili, 23 Agosti

Sijamwambia mtu sababu yangu ya kweli. Nakuambia wewe, shajara, kwa kuwa huna mdomo.

Zamani nilijua Baba amerudi kabla ya kumwona. Sanduku lake la vifaa lina gurudumu moja linalolia kama kifaranga, na lilianza kusikika tangu kona ya duka la viatu. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango na kuhesabu vilio. Akifika aliinama na kunigeuzia mfuko wa kushoto wa koti. Ndani: vipakiti viwili vya sukari vyenye picha ya mkia wa ndege, na biskuti mbili ndani ya karatasi laini. Biskuti tulikula. Sukari sikuifungua hata siku moja. Ipo yote kwenye kopo la kakao chini ya kitanda. Leo nimeihesabu. Vipakiti mia moja na kumi na nane. Vingine vimeganda kama mawe.

Lakini hiyo si sababu. Sababu ni simu. Kabla ya kila safari Baba alipiga simu ya Mama na kuomba aongee nami. Aliniambia, Profesa, niko kwenye kile kiti. Kiti cha rangi ya bilinganya, dirisha la tatu, kirefu kwenda nyuma hata miguu yake inakaribia kuachana na zulia. Nilikuwa na miaka sita, najifunza kusoma. Nikamsomea ukurasa mmoja wa kitabu changu cha kobe aliyepoteza gamba. Ukurasa mmoja kila safari, si zaidi, kisiishe upesi. Yeye alisikiliza mpaka watangaze ndege yake.

Kitabu kina kurasa thelathini na mbili. Tulifika ya thelathini na moja. Safari iliyofuata nilikuwa darasa la sita, marafiki wawili wako sebuleni kwetu, nikaona aibu. Nikamwambia nina kazi nyingi za shule. Akasema haya, mama, usijali. Hakuomba tena.

Ukurasa wa thelathini na mbili sijausoma mpaka leo. Nimemaliza rafu nne za maktaba ya shule, lakini ukurasa huo sijaufunua.

Kwa hiyo: Baba kwenye kiti cha bilinganya, mimi kwenye mkono wa kiti, ukurasa wa mwisho. Mkono wa kiti unatosha. Sina makuu.

Jumatatu, 24 Agosti

Nimechapisha kanuni za launji maktabani. Kurasa kumi na nne. Mwalimu wa maktaba aliuliza kama ni insha. Nikasema ni utafiti.

Ushindi! Ukurasa wa tatu: "Kila anapoingia, mwenye kadi anaweza kuwa na mgeni mmoja." KILA ANAPOINGIA! Kwa hiyo Baba anaingia na Bibi, anatoka, anaingia na Mama, anatoka, anaingia nami. Kaka, kama muda utabaki.

Jioni tukafanya mazoezi. Sebule ikawa launji, mlango wa jikoni ukawa mapokezi, Bibi akawa mhudumu. Kosa kubwa. Cheo kilimpanda kichwani mara moja. Baba alipitishwa bila hata kadi kutazamwa, kwa sababu ni mwanawe. Mama alipofika akaulizwa ametoka wapi, anakwenda wapi, na kwa nini mchuzi wa Ijumaa ulikuwa na chumvi vile. Mama akasema mama mkwe, mimi ni mgeni wa mwanao. Bibi akamjibu kwamba hilo analijua, amevumilia ugeni huo miaka ishirini na mbili. Wakacheka mpaka Bibi akashika mlango. Mama akaenda zake kulala.

Baba alipotoka mara ya pili kunichukua, aliketi kwenye stuli akasema magoti yanamuuma. Halafu akataka kuniambia jambo, kwamba ameshazungumza na yule dada wa... Nikamkatiza. Nilikuwa katikati ya kupima kwa saa. Dakika nne na nusu kwa kila mgeni.

Baadaye nikasoma ukurasa wa nne: "Mwenye kadi akitoka haruhusiwi kurudi." Nani anaandika kanuni hivi? Ukurasa mmoja unatoa mkono, wa pili unaukata.

Jumanne, 25 Agosti

Nimeliandikia shirika barua ya kurasa nne. Kwa adabu zote. Nimeeleza miaka kumi na minne, mashine, magoti. Sikutaja kobe.

Jibu limekuja baada ya dakika moja. Wamesikitika sana kwa mzigo wangu uliopotea. Wameanza kuutafuta.

Nikawaandikia kwamba sijapoteza mzigo. Wakajibu kwamba wanaelewa uchungu wangu.

Kaka kaisoma barua akichungulia begani kwangu. Eti kwa "heshima na taadhima" zangu hizo hata mlango wa choo hautafunguka. Ameanza kufanya mazoezi ya kukaa kama mtu wa launji: miguu mbele, kidevu juu, kikombe hewani. Inaudhi. Inaudhi zaidi kwamba anaiweza.

Jumatano, 26 Agosti

Akili ni nywele, na leo zangu zimesimama. Ukurasa wa kumi na moja: abiria wa kiti cha magurudumu anaruhusiwa msaidizi, na msaidizi HAHESABIWI KUWA MGENI.

Bibi awe mgeni. Mimi niwe msaidizi. Mwenye kadi, mgeni mmoja, na mtu asiyehesabiwa. Maisha yangu yote nimekuwa mtu asiyehesabiwa. Hatimaye kuna faida.

Dosari mbili. Ya kwanza: Mama na Kaka wanabaki nje. Nilimgusia Mama kijanjajanja, kwamba viti vya chuma vina afya kwa mgongo. Akasema yeye popote pale, mradi asitokee mtu wa kumuuliza soksi ziko wapi. Roho ilinisuta. Kwa upande wa Kaka haikunisuta.

Dosari ya pili: Bibi haumwi kitu. Asubuhi huenda sokoni na kurudi kwa miguu, na huwapita vijana njiani kwa makusudi. Nilipomweleza, akaniuliza kama nimemwona amekufa. Alisema, mke mwenzangu, mchuma janga hula na wa kwao, mimi hapa sili. (Huniita mke mwenzangu kwa utani wa bibi na mjukuu. Akikasirika huniita jina langu kamili.) Nikamwambia kuna kiti cha rangi ya bilinganya. Hakutikisika. Nikamwambia mtu atamsukuma, na watu wote watampisha.

Akanigeukia. Akauliza kama mtu huyo ana sare.

Alhamisi, 27 Agosti

Bibi amekubali kwa masharti: miwani ya jua, blanketi la miraba magotini, na asiongee na mtu. Tumefanya mazoezi ya kuchechemea kwenye varanda. Anachechemea vizuri sana, ila hubadilisha mguu. Kwenda ni kulia, kurudi ni kushoto. Nilimweleza kwamba ugonjwa hauhami. Akasema wangu una miguu miwili, kwa nini ubaguliwe mmoja.

Fomu ya kiti nimeijaza kwenye mtandao. Ina visanduku vinane: ngazi, mlo laini, msaidizi, na kadhalika. Imeandikwa "weka alama panapohusika". Nimeweka alama vyote vinane, ili waone kwamba hali ni nzito. Mahali pa jina la msaidizi nikaandika langu. Ndiyo mara ya kwanza kudanganya kwa maandishi.

Shirika limeniandikia tena. Mzigo wangu bado haujaonekana. Nisikate tamaa.

Ijumaa, 28 Agosti

Baada ya shule nilimkuta Baba varandani anasafisha sanduku la vifaa. Hana kazi nalo tena. Analirudisha kwa mwajiri wake wa zamani. Bisibisi zote zimepangwa kwa urefu juu ya gazeti. Alikuwa na kichupa cha mafuta, anataka kulainisha lile gurudumu.

Nilimwomba asilitie mafuta. Akauliza kwa nini. Nikasema basi tu. Akanitazama, akafunga kichupa, akalisukuma sanduku mpaka mwisho wa varanda na kulirudisha. Likalia kama kifaranga. Akalisukuma tena.

Nilitaka kumwambia kuhusu ukurasa wa thelathini na mbili. Nilifungua mdomo kabisa. Likatoka swali kuhusu hali ya hewa. Akasema itakuwa nzuri.

Kitabu kipo kwenye begi, kati ya sweta mbili. Kesho!

Jumamosi, 29 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya ndege. Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tatu tulifika kaunta ya mizigo. Mhudumu akatazama kompyuta, akauliza bibi mgonjwa ni yupi. Baba akasema hatuna mgonjwa. Nyuma yake Bibi akaanza kuchechemea. Mguu wa kushoto. Baba akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Ametengeneza mashine za kuona ndani ya watu miaka kumi na minne. Sikuweza kumficha hata mfupa mmoja. Lakini hakunisema mbele ya watu. Hajawahi.

Mzee wa kiti cha magurudumu akaja. Ana sare! Kofia pia! Akamsaidia Bibi kukaa, akazitazama soli za viatu vyake, zilivyolika kwa kutembea. Akasema, mama, miguu hii imefanya kazi sana. Bibi akajibu kwamba ndiyo maana leo imegoma. Akamsukuma. Mimi mbio nyuma na blanketi.

Tukapita ukaguzi kwa njia ya viti vya magurudumu; Baba, Mama na Kaka wakabaki kwenye foleni. Tukafika kwenye korido ndefu. Kulia, mlango wa mbao na maandishi ya dhahabu. Launji! Nililiona zulia. Nililiona kweli, kwa sekunde mbili.

Mzee akapita moja kwa moja.

Nikamwita. Sauti ndogo. Nikamwita tena. Akasema fomu yetu ina alama kwenye kisanduku cha sita: abiria apelekwe getini bila kusimama popote, na msaidizi asimwache. Nikasema kisanduku kile niliweka kwa bahati mbaya. Akauliza, na hivyo saba vingine?

Tukavuka mlango wa kioo wa getini. Ukishaupita mlango ule huwezi kurudi. Mbele yetu, safu za viti vya chuma.

Bibi akavua miwani, akasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ya leo imekuwa na magurudumu, halalamiki. Alikuwa ameshaanza kumuuliza yule mzee kama mkewe yu hai.

Kaka akanipigia. Ananong'ona. Eti wote wameingia! Dada wa mapokezi alimwona Baba akasimama, akasema leo umewaleta. Anawajua wote! Akamuuliza Kaka kama bado anakata nywele kwa sharti la kununuliwa soda. Akamwambia Mama kwamba amesikia habari za maandazi yake miaka tisa. Baba alikuwa amemwomba tangu wiki iliyopita, akaongea na wakubwa wake, wakakubali kwa kuwa ni mara ya mwisho. Viti vitano vilikuwa vimewekewa karatasi kwamba vina wenyewe. Na dada yule akauliza, Profesa wangu yuko wapi, yule wa kusoma?

Nikakaa kwenye kiti cha chuma. Sikulia kwa ndani. Nililia kwa nje, kidogo, upande wa ukutani.

Simu ikalia tena. Nilidhani Kaka amerudi kunisimanga.

Alikuwa Baba. Akasema, Profesa, niko kwenye kile kiti.

Nikaibana simu sikioni. Akasubiri. Akaniuliza kama nina kazi nyingi za shule.

Nikasema hapana. Nikamwambia asubiri, nikafungua begi, sweta moja ikaanguka chini, Bibi akaiokota (akiwa amesimama wima, mbele ya yule mzee, kiguu asiye na dosari). Nikafungua kitabu. Mikono miwili, simu begani. Nikafunua ukurasa wa thelathini na mbili.

Kuna picha ya kobe, na chini yake maneno mawili. "Kobe akalala."

Miaka mitano nimeuogopa ukurasa huo.

Nikamsomea. Baba akauliza, basi? Nikasema basi. Nilisikia vijiko vya watu wa launji nyuma yake. Akasema rudia, hakusikia vizuri. Nikarudia. Akasema hapo kwenye "akalala" niende polepole. Nikarudia mara ya tatu, polepole, mpaka sauti ya mwanamke ikatangaza ndege yetu. Nikaisikia mara mbili: juu ya kichwa changu, na kwenye simu, kule aliko yeye.

Walikuja getini pamoja. Mama ana uso wa mtu aliyelala usingizi mtamu ameketi. Kaka akasema kiti chenyewe si lolote, kinabana. Mwongo. Nilimpenda kwa muda wa dakika nne hivi. Baba akainama na kunigeuzia mfuko wa kushoto wa koti. Vipakiti viwili vya sukari. Biskuti mbili.

Mia moja na ishirini.

Jumapili, 30 Agosti

Shangazi ameolewa. Bibi amecheza tangu mwanzo mpaka mwisho, miguu yote miwili.

Nimetafakari sana kuhusu jana, kama mtu mzima. Nimetambua kosa lilipokuwa. Ni Bibi kubadilisha mguu. Mengine yote yalikuwa sawa.

Sasa, habari kubwa. Mume mpya wa Shangazi anauza pampu za maji na huruka kila wiki kwa shirika jingine, lile lile tunalorudi nalo Jumatano. Ana kadi ya fedha. Mwenye kadi na wageni WAWILI! Na tangu jana saa kumi jioni ni mjomba wetu, au sijui tumwiteje, lakini ni ndugu kabisa. Kinachokosekana ni kwamba yeye hasafiri Jumatano. Nimekaa na Shangazi, nikamweleza uzuri wa fungate upande wa kwetu. Aliniambia kwetu ndiko alikokukimbia. Hakukataa moja kwa moja.

Nilimuuliza Baba kama launji yao ina kiti cha bilinganya. Akasema hajui, hajawahi kuingia, labda tumuulize tu bwana harusi. Masikini. Kuuliza tu!

Shirika letu nalo limeandika. Mzigo wangu umepatikana na unanisubiri uwanjani. Sikuwa na mzigo. Nimejibu nikiwashukuru, na kueleza kwamba una gurudumu moja linalolia.

Bibi ameshatoa blanketi sandukuni. Anauliza kama na huko wana kofia. Fomu yao ina visanduku kumi na viwili. Nimeweka alama vyote, kwa usalama.